Nani Aliyemwua Sextus Roscius?



Leo nataka kuwasimulia habari ya mtu aliyeuawa usiku katika mji wa Roma, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, yaani mwaka 81 kabla ya kuzaliwa Kristo. Si hadithi ya kubuni. Kesi yake ilisikizwa barazani mwaka uliofuata, na maneno ya wakili aliyemtetea mshtakiwa yaliandikwa, nayo yapo hata leo. Mna humo kila kitu wanachokipenda wasomaji wa hadithi za upelelezi: maiti njiani, mjumbe aliyekwenda mbio usiku kucha, jina lililoandikwa mahali lisipopasa kuandikwa, na watu wawili walioona yote wala hawakuruhusiwa kusema. Mwandishi mmoja wa Marekani, Steven Saylor, aliitwaa habari hiyo akaitungia riwaya nzima iliyopigwa chapa mwaka 1991. Lakini mimi nitawasimulia mambo kama yalivyonenwa katika baraza lenyewe, kwa kuwa yanatosha.

Kwanza mjue mahali. Ameria ni mji mdogo juu ya kilima katika nchi ya Umbria, kaskazini ya Roma. Mji ungalipo, na siku hizi huitwa Amelia. Kutoka Roma hata Ameria ni mwendo wa maili 56 za Kirumi, yaani kama kilomita 83. Iwekeni hesabu hiyo moyoni, maana tutaihitaji. Katika mji huo alikaa Sextus Roscius, mtu aliyewapita wenzake wote kwa mali na heshima. Alikuwa na mashamba 13, karibu yote kando ya mto Tiber, na thamani yake ilikuwa sesterti 6,000,000, maana sesterti ndiyo fedha waliyohesabia Warumi. Alipenda kukaa Roma, akala na kunywa pamoja na jamaa kubwa za mjini, kama akina Metellus na akina Scipio.

Alikuwa amezaa wana wawili. Mmoja alikwisha kufa. Yule aliyebaki aliitwa Sextus Roscius kama babaye, naye alikuwa mtu mzima, umri wake umepita miaka 40. Huyu hakuwa mtu wa mjini hata kidogo. Alikaa Ameria akisimamia mashamba ya baba, akijua habari za ng'ombe na mavuno, wala karamu hakuzizoea.

Tena walikuwako watu wawili wa ukoo ule ule, Titus Roscius Magnus na Titus Roscius Capito. Naona majina haya yanafanana mno, nanyi mtachanganyikiwa. Basi tangu sasa tutawaita Magnus na Capito, na mwana wa marehemu tutamwita mwana. Hao wawili walikuwa na ugomvi wa siku nyingi na yule mzee kwa ajili ya mali, na watu wote wa Ameria waliujua.

Sasa niwaeleze zamani zenyewe zilivyokuwa, maana bila ya hayo kesi haifahamiki. Mwishoni mwa mwaka 82 kabla ya Kristo, jemadari Lucius Cornelius Sulla aliingia Roma kwa nguvu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akajifanya mtawala asiyepingwa. Akabandika ubao uwanjani wenye majina ya adui zake. Siku ya kwanza yalikuwa majina 80, siku ya pili yakaongezwa 220, na siku ya tatu mengine kama hayo. Mtu akiandikwa jina lake pale, damu yake imekuwa halali: aliyemwua hakushtakiwa, bali alipewa zawadi. Mali ya marehemu ilichukuliwa na serikali ikauzwa kwa mnada, na wanawe walizuiwa wasishike kazi ya ukubwa. Hebu fikirini jambo hilo litafanya nini katika mioyo ya watu wenye tamaa. Jirani akitazama shamba zuri la mwenzake, hakuwa na haja ya kulinunua. Alihitaji rafiki tu mwenye kushika kalamu.

Walakini Sulla mwenyewe aliweka mwisho. Alitoa amri kwamba tangu tarehe 1 Juni mwaka 81 orodha imefungwa, asiongezwe mtu tena wala mali isiuzwe kwa sababu hiyo. Hiyo ni tarehe ya pili kuiweka moyoni.

Miezi kadha wa kadha baada ya tarehe hiyo, mzee Sextus Roscius alikuwa Roma. Usiku mmoja alikwenda kula chakula kwa watu, na alipokuwa akirudi, karibu na hamamu za Pallacina, alivamiwa akauawa. Ilikuwa kama saa moja ya usiku imekwisha pita. Alifuatana na watumwa wake wawili. Watumwa hawakuuawa. Mwanawe alikuwa Ameria, na kwa neno hilo hata mshtaki wake hakubisha. Magnus alikuwa Roma.

Alfajiri ya usiku ule ule, habari ilifika Ameria. Aliyeileta ni mtu aliyeitwa Mallius Glaucia, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, mtu maskini mwenye kumtegemea Magnus. Alikuwa amekwenda zile maili 56 kwa saa kumi za giza, akipanda magari mepesi ya kukokotwa, akibadili gari baada ya gari. Nanyi mnajua kwamba mtu maskini hapati magari ya kubadili njiani, usiku, kwa ghafula. Tena hakwenda nyumbani kwa mwana wa marehemu, wala kwa mkewe. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Capito. Na yasemwa ya kuwa alimwonyesha silaha yenyewe, iliyokwisha kutolewa mwilini mwa marehemu muda si mwingi, na damu ilikuwa ingali juu yake.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara husimama hapa. Mtu aliyekuta maiti njiani aweza kwenda kuwaarifu wenyewe. Ni jambo jema. Lakini silaha ameipataje? Na kwa nini aipeleke kwa adui wa marehemu kabla ya mwana kujua kwamba amekuwa yatima?

Siku nne hazijapita, habari ilifika mbali zaidi. Sulla alikuwa kambini Volaterrae, katika nchi ya Etruria, akiuzunguka mji ule kwa majeshi. Pamoja naye alikuwako Lucius Cornelius Chrysogonus, aliyekuwa mtumwa wake, akaachwa huru, akawa mtu wa siri sana kwake. Jina hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni mzaliwa wa dhahabu. Na kweli dhahabu ilimpenda. Akaarifiwa kwamba mzee Roscius amekufa, kwamba ameacha mashamba 13 mazuri, na kwamba mwanawe ni mtu wa shamba asiyejulikana na mtu huko Roma. Mara jina la Sextus Roscius, aliyekwisha kufa, likaonekana katika orodha ya adui za Sulla, orodha iliyofungwa tangu Juni! Mali yake ikapigwa mnada. Chrysogonus akainunua yote kwa sesterti 2,000.

Hesabuni wenyewe. Mali ya sesterti 6,000,000 kununuliwa kwa 2,000 ni kama mtu kununua shamba la shilingi 3,000 kwa shilingi moja. Katika mnada ule hakuna aliyethubutu kuongeza bei. Kisha wakagawana. Capito alipata mashamba matatu mazuri kuliko yote, akawa mwenyewe. Mashamba kumi yaliyobaki Magnus aliyashika kuwa msimamizi wa Chrysogonus, akaingia nyumbani, akachukua vyombo, akamtoa mwana mlangoni kabla hajamaliza kumwombolezea babaye.

Watu wa Ameria hawakunyamaza, na hili ni la kuwasifu. Walikutana katika baraza lao wakachagua wakuu kumi wa mji waende Volaterrae kwa Sulla, wamweleze ya kuwa marehemu hakuwa adui yake kamwe, bali siku zote alikuwa upande wake, na hivyo jina lake lifutwe na mwana arudishiwe mali. Safari ilikuwa njema ila kwa kosa moja: katika wale kumi, mmoja alikuwa Capito. Walipofika kambini Chrysogonus aliwapokea kwa heshima nyingi. Aliwaambia kwamba hapana haja ya kumsumbua Sulla. Yeye mwenyewe atalifuta jina, na mashamba yatarudi. Capito naye akawathibitishia wenzake kwamba ndivyo itakavyokuwa. Wazee wakaamini, wakarudi kwao, wala macho yao hayakumwona Sulla. Jina halikufutwa.

Baada ya hayo ilionekana kwamba wale waliogawana mali hawawezi kulala usingizi maadamu mwana yu hai. Jamaa zake walimwonya kwamba anatafutwa auawe. Akakimbilia Roma, akaingia nyumbani kwa Caecilia, bibi mmoja wa ukoo mkubwa wa Metellus, aliyekuwa rafiki wa babaye. Naye akampa chakula na mahali pa kulala bila kuogopa. Basi mwana hakupatikana kwa kisu. Ndipo wakatafuta njia ya kumpata kwa sheria. Wakamshtaki kwamba yeye ndiye aliyemwua babaye.

Msidhani ni shtaka kama mashtaka mengine. Kwa Warumi hapakuwa na dhambi iliyochukiza kama kumwua mzazi, na adhabu yake iliwekwa peke yake. Mtu alishonwa akiwa hai katika kiriba kikubwa cha ngozi akatupwa majini, ili asione mwanga, asivute hewa, asiguse ardhi, wala maji yenyewe yasimtakase. Hilo ndilo lililomngoja mtu huyu wa shamba kama baraza lingemwona na hatia.

Labda wengine wenu mmekwisha uliza: na polisi je? Hapakuwa na polisi. Katika Roma ya siku zile hakuwako askari wa kwenda mahali pa mauaji, kupima nyayo na kuuliza jirani. Mwananchi ye yote aliweza kusimama akamshtaki mwenzake, na kila upande ulijitafutia mashahidi wake. Ni mara chache sana tunasoma kwamba mkubwa alikwenda mwenyewe kutazama. Mara moja ni mwaka 24 baada ya Kristo, zamani za Kaisari Tiberius. Mtu mmoja mwenye cheo, Plautius Silvanus, alimsukuma mkewe Apronia dirishani akafa. Alipoulizwa, alisema kwamba yeye alikuwa amelala usingizi mzito na mke amejiua mwenyewe. Tiberius hakubishana naye. Aliondoka pale pale, akaenda nyumbani, akaingia chumbani, akaona dalili za mtu aliyeshindana na kusukumwa kwa nguvu. Maneno yakaisha. Lakini kwa Sextus Roscius hakwenda mtu kutazama kitu cho chote karibu na zile hamamu.

Kesi ilisikizwa mwaka 80 kabla ya Kristo. Hakimu alikuwa Marcus Fannius, na pamoja naye walikaa wazee wa baraza, wote watu wa Seneti. Ilikuwa kesi ya kwanza ya mauaji kusikizwa baada ya muda mrefu, na watu walijaa tele, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amechoka na damu. Mshtaki alikuwa Gaius Erucius, mtu aliyezoea kazi hiyo. Na karibu na mshtaki, katika kiti cha upande wake, aliketi Magnus mwenyewe.

Je, nani atamtetea mwana? Wakuu wa Roma walikuja wakaketi upande wake, lakini kusimama na kunena hawakuthubutu, maana neno moja juu ya mnada ule lingehesabiwa kuwa ni neno juu ya Sulla. Basi alisimama kijana wa miaka 26, asiyejulikana bado, jina lake Marcus Tullius Cicero. Alianza kwa kueleza kwamba hakuchaguliwa kwa kuwa anawashinda wengine kwa akili, ila kwa kuwa yeye ni mdogo, na neno la mdogo likikosea husamehewa upesi.

Erucius alikuwa amesema kwamba baba alimchukia mwanawe. Ndiyo sababu alimwacha shamba na yeye akakaa mjini. Tena alitaka kumkatia urithi, na mwana alipolijua hilo akamwua. Cicero akayachukua maneno hayo moja moja, polepole, kama mtu apetaye nafaka. Baba kumkabidhi mwana mashamba yote, je, ndiyo dalili ya kumchukia? Kwa watu wa Umbria ilikuwa ni heshima. Na hiyo habari ya kumkatia urithi, ni nani aliyeisikia? Erucius hakuleta shahidi hata mmoja. Kisha akamwuliza maswali ambayo mpelelezi ye yote wa leo angeyauliza kwanza. Mwana alimwuaje babaye? Kwa mkono wake? Yeye alikuwa Ameria. Kwa mikono ya wengine? Basi ni akina nani, watumwa au watu huru? Kama ni watu wa Roma, aliwajuaje, naye haendi Roma? Alionana nao wapi? Aliwapa kiasi gani, na fedha ilipita mikononi mwa nani? Erucius alinyamaza.

Cicero akawakumbusha wazee kesi nyingine, ya mtu mmoja wa mji wa Tarracina. Mtu huyo alikwenda kulala pamoja na wanawe wawili vijana katika chumba kimoja, na asubuhi alikutwa amekatwa koo. Hapakuwa na mtumwa wala mtu huru wa kushukiwa. Wana walisema hawakusikia kitu. Walishtakiwa, wakaachiliwa, na sababu ya kuachiliwa ni kwamba mlango ulikutwa wazi nao wamelala usingizi. Wazee wa siku ile waliona ya kwamba mtu aliyetoka sasa hivi kumchinja babaye hawezi kulala. Mimi sisemi kwamba hoja hiyo ingetosha mbele ya hakimu wa leo. Lakini yatuonyesha jinsi Warumi walivyolitazama shtaka hilo: walitaka ushahidi mzito sana kabla ya kuliamini.

Kisha Cicero akageuka upande wa pili. Alikuwako zamani kidogo hakimu aliyesifiwa sana kwa ukali na haki, Lucius Cassius, ambaye katika kila kesi alikuwa na desturi ya kuuliza kwanza ni nani aliyepata faida. Swali hilo Cicero akaliweka mezani. Kabla ya mauaji, mwana alikuwa na mali, na baada yake hana hata shimo la kumzikia babaye. Magnus alikuwa mtu mwenye dhiki, na sasa anatembea katika mashamba kumi. Capito ana matatu. Nani alikuwa Roma usiku ule? Magnus. Nani alikuwa adui wa marehemu? Magnus na Capito. Mjumbe wa usiku alikuwa mtu wa nani? Wa Magnus. Alifikia kwa nani? Kwa Capito.

Erucius, yasemwa, aliketi muda wote huo bila wasiwasi, akitazama huku na huku, kwa kuwa aliona wakili ni mtoto na hatataja lile jina kubwa. Hata Cicero alipolitaja jina la Chrysogonus waziwazi, watu upande wa mshtaki walishtuka. Wengine wakainuka wakaenda mbio kutoa habari kwamba amethubutu. Wala hakulitaja mara moja tu. Aliisimulia nyumba ya Chrysogonus juu ya kilima cha Palatino, iliyojaa vyombo vya shaba vya Korintho na Delos. Kilikuwamo chombo kimoja cha kujipikia chenyewe, ambacho alikuwa amekinunua mnadani kwa bei kubwa hata wapitao njia, waliposikia mnadi akiita bei, walidhani linauzwa shamba. Nadhani wazee wa baraza walicheka. Na mwenye kuchekwa na watu haogopwi tena kama jana.

Lakini kwa Sulla mwenyewe Cicero alikwenda kwa hadhari. Alisema kila mara kwamba Sulla hakujua, kwamba mtu mwenye kubeba nchi nzima hawezi kuona kila afanyalo mtumishi wake. Huenda aliamini hivyo, huenda hakuamini. Pasipo maneno hayo asingetoka katika baraza lile salama, wala mshtakiwa wake.

Sasa nataka tuitazame ile orodha kwa makini, maana kwa maoni yangu fundo la kesi nzima liko pale. Ikiwa Sextus Roscius aliandikwa kwa haki kuwa adui wa Sulla, basi kumwua hakukuwa kosa. Aliyemwua alistahili zawadi, na mwana hawezi kushtakiwa kwa mauaji. Na ikiwa hakuandikwa kwa haki, basi kumwua ni kosa kweli, lakini mnada wa mashamba ni wizi mtupu. Washtaki walitaka yote mawili: kwa mnada awe adui, na kwa mashtaka awe raia mwema aliyeuawa. Mtu mmoja hawezi kuwa hayo mawili kwa kifo kimoja. Cicero aliuliza mali hii iliuzwa lini na kwa sheria gani, na hakuna aliyemjibu.

Nimesema tangu mwanzo kwamba walikuwako watu wawili walioona yote. Ni wale watumwa waliofuatana na bwana wao usiku ule. Wao waliona sura, walisikia sauti, walijua kama waliovamia walikuwa wawili au kumi. Mwana, mbele ya wakuu kama Publius Scipio na Marcus Metellus, aliomba waletwe waulizwe. Nami sina budi kuwaambia kwamba kuulizwa kwa mtumwa katika sheria ya Kirumi kulikuwa jambo baya: ushahidi wake haukukubaliwa ila kwa kuteswa. Hata hivyo, mtu mwenye hatia angewezaje kuomba waletwe watu wawili wanaomjua? Lakini watumwa hawakuwa wake tena. Walikuwa wameuzwa pamoja na mashamba na ng'ombe, wakawa mali ya Chrysogonus. Magnus alikataa. Wakati kesi inasikizwa, watu hao walikuwa Roma ile ile, katika nyumba ya Chrysogonus, nao walitunzwa vizuri kupita desturi. Kila mtu barazani alijua walipo.

Baraza likamwachilia mwana. Tangu siku hiyo, Cicero mwenyewe aliandika baadaye, hapakuwa na kesi ambayo watu waliiona kuwa kubwa mno kwake.

Lakini swali letu halijajibiwa. Baraza lilikuwa na jambo moja tu la kukata: mwana amemwua babaye au hakumwua. Magnus hakushtakiwa siku ile. Aliketi tu katika kiti chake mpaka mwisho, akaondoka. Tena tukumbuke kwamba maneno tuliyo nayo ni ya upande mmoja. Hotuba ya Erucius haikuhifadhiwa, na wakili mwenye akili hawezi kuwa shahidi wa kweli yote. Wataalamu wengine wa historia wa siku hizi wamesema kwamba Cicero alimsukumia Magnus mauaji ili tu macho ya wazee yamwache mteja wake, na kwamba hakuleta shahidi aliyemwona Magnus wala mtu wake akipiga. Hayo ni kweli. Nami naona tena jambo lingine: Cicero hakumshtaki Chrysogonus kwa mauaji. Alisema aliarifiwa baada ya siku nne. Basi yawezekana mauaji na unyang'anyi havikuwa shauri moja tangu mwanzo. Mmoja aliua kwa chuki ya siku nyingi, na mwingine, aliposikia, akaja kula.

Hata hivyo mimi siwezi kumwondoa Glaucia katika fikira zangu. Mtu ameuawa saa moja ya usiku katika kichochoro cha mji mkubwa. Kabla ya alfajiri, kilomita 83 kutoka hapo, adui yake anaishika silaha iliyomwua. Farasi au nyumbu wa kubadili waliwekwa tayari na nani? Mwenye kuwaweka tayari alijua kwamba usiku ule patakuwa na habari ya kupelekwa.

Mwaka 79 Cicero alikwenda Uyunani na Asia akakaa huko karibu miaka miwili. Yeye alisema ni kwa ajili ya afya na kutengeneza sauti yake. Wengine walisema ni kwa kumwogopa Sulla. Mwaka 78 Sulla alikufa kitandani pake. Cicero alirudi Roma, akapanda cheo baada ya cheo, hata mwaka 63 akawa konsuli. Miaka 20 baadaye walitokea watawala wengine watatu, Antonius, Octavianus na Lepidus, nao wakabandika ubao kama ule wa Sulla. Jina la Cicero lilikuwamo. Askari walimkuta karibu na pwani, huko Formiae, akichukuliwa katika machela, tarehe 7 Desemba mwaka 43 kabla ya Kristo, na hapakuwa na kesi.